Ungamo Lisilo na Ondoleo: Filamu ya Les Enfants du siècle na Toba ya Waandishi Wawili

Mwaka 1836 mshairi Mfaransa Alfred de Musset alitoa riwaya aliyoiita La Confession d'un enfant du siècle, yaani Ungamo la Mtoto wa Karne. Miaka sitini na mitatu baadaye, mwaka 1999, mwongozaji Diane Kurys aliichukua sehemu ya mwisho ya jina hilo, akaiweka katika wingi, akaipa filamu yake: Les Enfants du siècle, Watoto wa Karne. Neno "ungamo" aliliacha. Sisi twapenda kuanza na neno hilo lililoachwa, kwa kuwa ni neno la nyumbani kwetu. Limo katika Katekisimo Ndogo, limo katika jina la hati iliyosomwa Augsburg mwaka 1530, na limo katika ibada zetu kabla hatujaikaribia meza ya Bwana. Mtu akilichukua neno hilo na kuliweka juu ya kitabu cha mapenzi, yatupasa kumwuliza ameliazima kwa kazi gani.

Yamkini wako wasomaji watakaotuuliza sisi kwanza. Filamu ya Kifaransa inayosimulia mapenzi ya nje ya ndoa ina kazi gani katika kurasa hizi? Tutajibu kwa kueleza jinsi tulivyoiona. Tuliitazama jioni moja pamoja na wanachuo wa somo la theolojia ya kichungaji. Ilipokwisha, mwanachuo mmoja alisimama akasema kwa uhakika kabisa kwamba Musset alitubu. "Amelia mara ngapi?" akauliza. "Ameomba radhi mara ngapi? Mtu atubu namna gani zaidi ya hapo?" Wenzake walicheka, lakini hapakuwa na aliyemjibu, wala sisi hatukuwa na jibu la kumpa usiku ule. Makala hii ni jibu lililochelewa.

Kwa faida ya wasioijua habari yenyewe, tuieleze kwa ufupi. Aurore Dupin alizaliwa Paris mwaka 1804, akalelewa na bibi yake katika shamba la Nohant, katikati ya Ufaransa. Aliolewa na Casimir Dudevant mwaka 1822, wakapata watoto wawili, Maurice na Solange. Mwaka 1831 alikwenda Paris kujipatia riziki kwa kalamu, na mwaka uliofuata riwaya yake Indiana ikatoka chini ya jina la kiume ambalo ulimwengu umemjua kwalo tangu hapo: George Sand. Musset alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita, naye alikwisha kuwa mshairi mwenye sifa. Walikutana Juni 1833 katika karamu ya waandishi wa jarida la Revue des Deux Mondes, lililoendeshwa na François Buloz. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa njiani kwenda Venice. Huko Sand aliugua kwanza, na Musset akamwacha kitandani akaenda kwenye kamari na wanawake, akamwambia pia kwamba alikosea kudhani anampenda. Kisha, Februari 1834, Musset naye aliugua, tena vibaya sana, hata ikahofiwa kwamba atakufa au atapoteza akili. Sand alimwuguza usiku na mchana akisaidiwa na daktari kijana wa mji ule, Pietro Pagello. Na penye kitanda cha mgonjwa huyo Sand na daktari wakapendana. Musset aliondoka Venice mwishoni mwa Machi. Sand alirudi Paris Agosti akiwa na Pagello. Pagello akarudi kwao Italia, Sand na Musset wakarudiana, wakaachana, wakarudiana tena, hata Machi 1835 Sand alipoondoka kwenda Nohant na kuyakomesha.

Msomaji asiyasahau mazingira ya sheria. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilimtaka mke amtii mumewe, na talaka iliyokuwapo baada ya mapinduzi ilifutwa mwaka 1816, isirudishwe hadi 1884. Sand hakuweza kumwacha Dudevant kwa talaka hata kama angetaka. Alichokipata mahakamani, mwaka 1836, ni utengano tu. Kwa hiyo mhubiri atakayeitazama filamu hii na kutamka neno "uzinzi" atakuwa amesema kweli, lakini atakuwa amesema robo ya kweli, na atakuwa amelisema kwa haraka ile ile ambayo mbele kidogo tutaona imemtoa msichana mmoja mlangoni mwa kanisa.

Sasa filamu. Juliette Binoche ndiye Sand, Benoît Magimel ndiye Musset, na Stefano Dionisi ni Pagello. Jambo la kwanza la kuisifu ni ule wingi katika jina lake. Riwaya ya Musset ilikuwa ya mtoto mmoja wa karne, mwanamume aliyezaliwa wakati wa vita vya Napoleon na kukulia katika majivu yake, asiyekuwa na vita ya kupigana wala imani ya kuishika. Kurys anasema kwamba mwanamke naye alikuwa mtoto wa karne hiyo hiyo, na maradhi yale hayakuwa mali ya vijana wa kiume peke yao. Binoche anaigiza kwa utulivu wenye nguvu. Hata pale Magimel anapotupa vitu na kupayuka, macho yetu yalimfuata yeye aliyenyamaza.

Jambo la pili ni kazi. Filamu nyingi kuhusu waandishi husahau kwamba waandishi huandika. Sand aliandika usiku, kurasa baada ya kurasa, kwa kuwa watoto walihitaji ada na Buloz alihitaji alichokilipia. Leone Leoni, André na Jacques ziliandikwa Venice, katika miezi ile ile ya homa na ugomvi. Filamu hii inajua jambo hilo, na inajua pia kwamba kazi hiyo ilimuudhi Musset, ambaye alitaka mpenzi asiyekuwa na saa za kazi. Tuliwaona baadhi ya wanachuo, hasa walio na wake walimu au wauguzi, wakitazamana. Hatukuwauliza.

Lakini filamu hii inapendeza kupita kiasi. Mavazi yalibuniwa na Christian Lacroix, mbunifu mashuhuri wa Paris, nayo ni mazuri hata yanamfanya mtazamaji asahau kwamba aliyeyavaa anadaiwa kodi ya nyumba. Venice inang'aa. Hata homa imewekewa taa nzuri. Kijana anatapika nafsi yake mbele yetu na sisi tunatazama pazia lililo nyuma yake. Hili si neno dogo la fundi, kwa sababu uzuri huo unatufanyia kazi fulani bila kutuuliza: unatushawishi kwamba walioteseka kwa uzuri namna hii hawana haja ya kusamehewa. Luther alipojadiliana Heidelberg mwaka 1518 alisema kwamba mwanatheolojia wa msalaba huliita jambo kwa jina lake. Kamera ya Kurys hulikaribia jina, kisha hugeukia dirisha na kutuonyesha maji.

Turudi kwa mwanachuo wetu na machozi ya Musset. Kifungu cha 12 cha Ungamo la Augsburg kinaigawa toba katika mambo mawili. La kwanza ni majuto: dhamiri inaijua dhambi yake, inatetemeka. La pili ni imani, ile inayolisikia neno la Injili au tamko la ondoleo, na kusadiki kwamba msamaha ni wake kwa ajili ya Kristo, na hivyo kuondolewa hofu. Matendo mema hufuata kama matunda. Wanachuo wengi hukikariri kifungu hiki kwa ajili ya mtihani, na wakikikariri hukiona kikavu. Filamu hii inakitia damu. Musset ana jambo la kwanza kwa wingi wa kutisha. Anajuta asubuhi, anajuta usiku, anajuta akiwa amelewa na anajuta akiwa amezinduka. Anajijua kuliko mtu yeyote katika hadithi. Jambo la pili hana hata chembe, naye analijua hilo pia. Katika shairi lake refu Rolla, la mwaka 1833, mwaka ule ule wa kukutana na Sand, alimshitaki Voltaire kwa kukiibia kizazi chake imani. Miaka mitano baadaye aliandika shairi aliloliita Tumaini kwa Mungu. Mtu haandiki hivyo kama hajapiga hodi mahali.

Kama toba ingekuwa majuto peke yake, basi mwanachuo wetu angekuwa na haki, na Musset angehesabiwa kati ya watakatifu. Lakini tumsome Mathayo, sura ya 27. Yuda alijuta. Alizirudisha fedha. Tena aliungama, kwa kinywa chake, mbele ya viongozi wa dini, na aliitaja dhambi yake kwa jina lake sawasawa bila kujitetea. Hakuna kilichopungua katika ungamo lake. Kilichopungua kilikuwa upande wa pili: wale aliowaungamia walimrudishia mzigo wake, wakamwambia kwamba hilo ni shauri lake. Akatoka nalo. Petro alilia kwa uchungu usiku ule ule, na hatuthubutu kusema kwamba machozi yake yalikuwa bora kuliko ya Yuda. Tofauti ni kwamba Petro aliishi hata akakutana na Aliyemkana, akaulizwa swali mara tatu penye moto wa makaa, akapewa kazi.

Nani basi aliyemsikiliza Musset? Swali hili ndilo, kwa maoni yetu, filamu inaloliuliza kwa nguvu kuliko inavyojua. Aliyemsikiliza ni Sand. Lakini Sand alikuwa ndiye aliyekosewa, na shahidi, na mwuguzi, na baada ya Venice alikuwa mkosaji pia. Katika barua zake alimwita Musset mtoto wake, akajaribu kumpenda kwa upendo wa mama. Kila Musset alipoungama, alimwungamia mtu ambaye msamaha wake ulimaanisha kumpokea tena chumbani. Ndipo majuto yakawa mlango wa kurudia kosa, nasi tuliokaa gizani tukitazama tukaanza kuyaogopa machozi yake kuliko hasira yake. Hapa Magimel anastahili sifa ambazo wahakiki wengine huenda wakamnyima: analia kwa namna ambayo mtazamaji anamhurumia na wakati huo huo anatamani yule mwanamke asifungue mlango.

Tusimfanye Sand malaika. Filamu haimfanyi hivyo, na hilo ni jema. Alimpenda daktari huku mgonjwa yu hai katika chumba hicho hicho, na mgonjwa aliona, au alidhani ameona, na hakuweza kuwa na hakika na macho yake mwenyewe. Huo nao ni ukatili. Kisha alimchukua Pagello hadi Paris, kijana asiye na lugha ya kutosha wala marafiki, na baada ya miezi michache alikuwa hana nafasi tena katika maisha yake. Filamu inampitia Pagello upesi, kama walivyompitia wale wawili. Sisi tulimwonea huruma. Alirudi Italia Oktoba 1834, akafanya kazi ya udaktari huko Belluno kwa miaka mingi, akafariki 1898, akiwa ameishi kuliko wote wawili. Na maisha yake yote watu walimtaka awasimulie juma chache za ujana wake.

Wapenzi hao walipochoka kuungamiana, waliungama kwa wasomaji. Hili ni jambo la ajabu nalo latuhusu. Maneno ya barua ya Sand yalipita karibu kama yalivyo na kuingia katika tamthilia ya Musset ya mwaka 1834, On ne badine pas avec l'amour. Kisha ikaja ile riwaya ya 1836, ambamo Musset, akijiita Octave, anajitwika karibu lawama yote, na mwanamke, aitwaye Brigitte, anatoka akiwa safi. Iko sehemu karibu na mwisho ambayo twawasihi wanachuo waisome. Octave amesimama usiku na kisu juu ya mwanamke aliyelala, wivu umemjaa, na anapoifunua nguo anaona msalaba mdogo umelala kifuani pake. Mkono unasita. Kijana asiyeamini kitu anapiga magoti. Filamu imechukua jina la riwaya na hali yake ya moyo, lakini habari zake imezichukua katika maisha ya waandishi wenyewe, kwa hiyo msalaba huo umebaki kitabuni. Tunasikitika. Ni mahali pekee katika mkasa mzima ambapo kitu kutoka nje ya wale wawili kinaingia chumbani.

Musset alifariki mwaka 1857. Mwaka 1859 Sand alitoa riwaya yake, Elle et lui, ambamo wapenzi wamegeuzwa wachoraji na mwanamke ndiye mvumilivu. Kaka yake Musset, Paul, akajibu mwaka huo huo kwa Lui et elle, ambamo mwanamke ni mwovu. Mwandishi Louise Colet, aliyepata naye kumjua Musset kwa karibu, akaongeza kitabu chake. Barua zenyewe zilichapishwa mwaka 1904, na wasomaji wakagawanyika tena pande mbili, kama ndugu walioitwa kuamua shauri la ndoa. Filamu ya Kurys imo katika mlolongo huo, na ile ya Sylvie Verheyde ya mwaka 2012, iliyoifuata riwaya ya Musset, imo pia. Ni karibu miaka mia mbili ya kuungama mbele ya watu wasioweza kutamka ondoleo. Wasomaji waweza kupenda, kuchukia, kulipa kiingilio. Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba ungamo lina pande mbili, nasi tuyapokee maneno ya msamaha kana kwamba yametamkwa na Mungu mwenyewe. Upande huo wa pili haupatikani katika duka la vitabu.

Hapo mtu wa Kanisa aweza kujisikia vizuri mno. Twataka kumzuia. Filamu inaanza Sand akiwa mwanamke mzima, kwa hiyo haisemi lolote juu ya mambo mawili ya ujana wake aliyoyaandika mwenyewe katika Histoire de ma vie. Kuanzia mwaka 1818 alisoma Paris katika nyumba ya watawa wa Kiingereza. Huko jioni moja kanisani aliguswa kwa nguvu na imani, akawa mcha Mungu kiasi cha kujitesa, akijihesabia dhambi kila saa na kuacha michezo. Padre aliyekuwa mwungamishi wake, mzee Mjesuiti aitwaye Prémord, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwamuru arudi akacheze na wenzake. Hiyo ndiyo malipizi aliyompa. Sisi Walutheri tuna mengi ya kubishana na Wajesuiti, lakini hapo hatuna neno. Mzee yule alielewa kwamba kazi yake ni kumfungua binti.

Jambo la pili lilitokea baadaye kidogo, Aurore akiwa amerudi Nohant, msichana wa miaka kumi na sita au kumi na saba, anayepanda farasi na kusoma vitabu na hivyo kusemwa na mji mzima. Alikwenda kuungama kwa padre wa La Châtre, mji wa jirani. Padre, akiwa amesikia uvumi, alimwuliza kama hana mapenzi na kijana fulani. Msichana alisimama akaondoka, asirudi tena kwake. Twamwelewa padre huyo vema mno. Hakuuliza ili afungue, aliuliza ili ajue. Miaka kumi na mbili baadaye mwanamke huyo huyo alikuwa Venice akimsikiliza kijana mwenye homa akiungama, bila kuwa na mahali pa kumpeleka wala pa kwenda yeye mwenyewe. Hatusemi kwamba swali moja la padre lilizaa yote hayo. Twasema kwamba wakati ule mlango ulikuwa umekwisha kufungwa, na aliyeufunga alikuwa upande wa ndani.

Kuna barua moja ambayo kwetu ina uzito kuliko filamu nzima. Mei 1836, alipokwisha kusoma riwaya ya Musset, Sand alimwandikia rafiki yake Marie d'Agoult kwamba alikifunga kitabu akalia sana. Kisha, anasema, alimpelekea mwandishi mistari michache kumweleza kwamba alimpenda sana, kwamba amemsamehe yote, na kwamba hataki kumwona tena kamwe. Tuliisoma barua hiyo kwa wanachuo juma lililofuata baada ya filamu, na mabishano yakawa makali kuliko yale ya kwanza. Zaidi ya nusu walisema kwamba huo si msamaha. Anayesamehe, walisema, hurudi. Baba wa mwana mpotevu alifungua mlango.

Hapo imetubidi nasi tuungame. Miaka mingi iliyopita, tukiwa wachungaji vijana katika usharika ambao hatutautaja, mama mmoja alitujia asubuhi akiwa amejifunga khanga kuficha shingo. Mumewe alifika jioni, akalia mbele yetu na mbele ya wazee wa usharika, akaomba radhi kwa maneno mazuri kuliko tunayoyaweza sisi. Tuliyasadiki machozi yake, na hata leo tunaamini yalikuwa ya kweli. Tukamweleza mama kwamba Mkristo aliyesamehe hurudi nyumbani kwake. Tulisoma na Neno. Alirudi. Hatutasimulia yaliyofuata, ila kwamba mara ya pili alipotoka katika nyumba ile hakuja kwetu.

Kosa letu halikuwa huruma. Lilikuwa kosa la kitheolojia, na ndilo kosa la mwanachuo wetu: tulichukua majuto ya mume kuwa toba nzima, kisha tukamdai mke alipe kwa mwili wake lile ambalo Kristo amelilipa. Tulimfanya mama yule kuwa ondoleo la mumewe. Mume alihitaji kusikia neno la msamaha kutoka kinywa chetu, mahali pa faragha, na kisha kudaiwa matunda kwa miezi na miaka, mbali na nyumba ile ikibidi. Mke alihitaji kuambiwa kwamba aweza kusamehe akiwa kwa mama yake. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 7, anapotenganisha huzuni iletayo toba na huzuni ya dunia iletayo mauti, hasemi kwamba ya pili ni ya uongo. Ni huzuni kamili, na inaua. Kuhusu mwana mpotevu, tuliwajibu wanachuo kwamba baba yule hakuwa na alama za vidole shingoni. Mmoja alituambia jibu hilo ni kali mno. Huenda.

Sand, kwa hiyo, mwanamke ambaye kwa vipimo vyetu aliishi vibaya, na ambaye vitabu vyake vilikuja kupigwa marufuku na Roma, aliandika katika mistari michache jambo ambalo sisi tuliovaa joho hatukujua kulisema. Filamu ingalipaswa kuielekea barua hiyo. Badala yake inaelekea kwenye umaarufu: tuwaage wapenzi kwa majonzi matamu, wakiwa wamegeuka kuwa fasihi. Tamthilia ya Lorenzaccio, iliyotoka mwaka 1834, ilitokana na mswada ambao Sand alimpa Musset, na mfululizo wa mashairi ya Nuits ulitokana na kuachana kwao. Vyote viwili ni vikubwa na vitabaki. Lakini kuuliza kama mashairi hayo yalistahili machungu yale ni kuuliza swali la mwenye duka. Hatujui namna ya kulijibu na hatuoni sababu ya kujaribu.

Maisha yalikwenda mbele kuliko filamu. Mwaka 1864 Maurice, mwana wa Sand, na mkewe Lina, waliokuwa wamefunga ndoa ya kiserikali tu, walibarikiwa ndoa yao na mchungaji wa Kiprotestanti, na mtoto wao mchanga akabatizwa, Sand akiwa ameridhia kwa moyo wote. Sand mwenyewe alifariki Nohant tarehe 8 Juni 1876. Binti yake Solange aliomba mazishi ya Kikatoliki, askofu mkuu wa Bourges akatoa kibali, na rafiki zake waandishi waliotoka Paris, Flaubert akiwa mmojawapo, wakasimama katika mvua pamoja na wanakijiji huku hotuba iliyotumwa na Victor Hugo ikisomwa. Watu walibishana, na bado wanabishana, kama yeye angependa sala zile zisomwe.

Tunaipendekeza filamu hii kwa vyuo vyetu, kwa tahadhari. Ina mambo ya chumbani na ya danguro ambayo si ya kuonyeshwa vijana wa kipaimara, na ni ndefu, imepita saa mbili. Aitazamaye na awe na Mathayo 27 mkononi na ile barua ya Mei 1836 karibu. Mwaka ujao tutaiweka kabla ya kipindi cha maungamo ya faragha, siyo baada yake kama tulivyofanya, na mwanachuo yule, ambaye sasa anakaribia kubarikiwa kuwa mchungaji, amekubali kurudi kuliuliza swali lake tena.